Mhariri, mbona makala zenu haziulizi habari ya kuuza?

Mhariri, salamu. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ni mfanyabiashara mdogo, zile makala zenu za vijana wanaotoka kwenye biashara zao ndogo wakaandika vitabu na kutengeneza muvi nazisoma zote, na karibu kila moja inaishia palepale: ana kipaji, hana sponsa, wahusika wamwangalie. Jamani! Hivi mtu akiingia kwenye sanaa ile akili ya biashara anaivua mlangoni kama viatu?

Ebu someni habari za Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi aliyeandika vitabu na kutengeneza muvi, aliyezaliwa 1884 karibu na Metropolis, kamji kadogo tu huko Illinois. Jamaa alihudumia abiria kwenye mabehewa ya kulala ya treni, akabana hela, akanunua ardhi South Dakota akawa mkulima. Shamba likamshinda, ndoa nayo ikavunjika, basi akakaa akaandika yaliyompata. Kitabu kikatoka 1913, jina lake hakuliweka, lakini muuzaji ni yeye mwenyewe, anagonga mlango hadi mlango.

Sasa hapa ndo patamu. Mwaka 1917 akatoa kitabu kingine na kampuni ya filamu ya watu weusi wenzake ikataka haki za kukitengenezea muvi. Akawaambia sawa, ila kazi nitaisimamia mimi. Wakagoma. Mimi nawaambia kweli, wengi wetu hapo tungesaini fasta tukaposti picha ya mkataba, yeye akaondoka na kitabu chake, akaanzisha kampuni, akawarudia wakulima wa kizungu aliokuwa akiwauzia vitabu na safari hii akawauzia hisa. Filamu ikaonyeshwa Chicago 1919! Yaani mtaji ulitoka kwa wateja, na wateja aliwapata kwa miguu yake, kabla hata hajashika kamera.

Na akaendelea hivohivo, anabeba mikanda ya filamu mwenyewe anazunguka kwenye kumbi, akifika anamshawishi mwenye ukumbi atoe adivansi ya muvi ijayo ambayo bado hata haijaanza kupigwa. Ndo mana akafikisha filamu zaidi ya 40.

Sisemi mambo yalikuwa mteremko, 1928 alifilisika kabisa ikabidi aanze upya, na wapo waliozisema muvi zake kuwa zimelipuliwa maana hela ya kurudia rudia sini hakuwa nayo. Ile filamu ya kwanza nayo imepotea, hakuna kopi inayojulikana (nyie mnaoweka kazi zote kwenye flashi moja mnanisikia?). Nyota yake kwenye ile njia ya kuwaenzi wasanii pale Hollywood aliwekewa 1987, mwenyewe kafariki tangu 1951.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni dogo, mkimhoji kijana mwingine msimuulize tu ndoto ilianza lini, muulizeni kauza kopi ngapi, kamuuzia nani, namba za hao wateja kazihifadhi wapi na haki za kitabu ziko mikononi mwa nani. Akikosa majibu msimfiche, andikeni hivohivo, sisi wengine tutajifunza. Mimi mwenyewe muswada ninao, na kwa sasa napitia daftari la wateja wangu kuona nianze kugonga kwa nani.

Msomaji wenu, mfanyabiashara