Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mbwa Wetu Wazee na Miguu ya Nyuma

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida nayapitia kwa ufupi. Kamati ilikutana kama katiba inavyotaka, hesabu zimekaguliwa na mhazini atazisoma mwenyewe. Siku ya kichaa cha mbwa, Septemba 28, vijana wetu waliwasaidia madaktari wa mifugo kwenye foleni ya chanjo hadi jioni. Nawashukuru sana. Nafasi iliyobaki ni ya jambo lililotushughulisha mwaka mzima, yaani mbwa wazee wanaopoteza nguvu za miguu ya nyuma.

Wengi wetu tunafuga German Shepherd, na ni kwa mbwa wa aina hiyo ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza, mwaka 1973. Madaktari huuita DM, kifupi cha "degenerative myelopathy", yaani kuchakaa kwa uti wa mgongo. Neva zilizo ndani ya uti wa mgongo huchakaa kidogo kidogo, mara nyingi mbwa akishapita miaka 8. Mwanzo wake ni rahisi kuupuuza: kucha za katikati za mguu wa nyuma zinasagika, na akipita kwenye saruji unasikia mkwaruzo. Baadaye kiuno kinayumba akikata kona, na wayo unakunjika akaukanyaga kwa upande wa juu bila kujua. Kwa mbwa wakubwa, miezi 6 hadi mwaka mmoja inatosha kumfikisha mahali hawezi kusimama. Baada ya hapo mkojo na haja kubwa humtoka, na ugonjwa hupanda kuelekea miguu ya mbele.

Linaloniuma ni jinsi tunavyolimaliza jambo hili kwa kusema "ni uzee tu". Uzee peke yake haumfanyi mbwa asijue wayo wake uko wapi. Tena DM haina maumivu. Mbwa anayelia akiguswa mgongo huenda amebanwa neva na pingili, au ana tatizo la nyonga au baridi yabisi, na hayo yana matibabu. Mpelekeni kwa daktari mapema. Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha DM kwa mbwa aliye hai. Daktari huifikia kwa kuondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine, na uthibitisho kamili hupatikana kwa kuuchunguza uti wa mgongo baada ya kifo.

Dawa ya kuuponya haipo, kwa hiyo msikubali kuuziwa sindano ya kurudisha miguu. Kilichoonyesha faida ni mazoezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulifuatilia mbwa 22 waliodhaniwa kuwa na DM. Waliofanyishwa mazoezi mengi kila siku waliishi wastani wa siku 255, waliofanyishwa kiasi siku 130, na wasiofanyishwa siku 55. Mbwa hao ni wachache, tusizikweze namba kupita uzito wake. Lakini matembezi mafupi ya kila siku, kuogelea penye nafasi, na kumkunja na kumnyoosha miguu havigharimu kitu.

Nyumbani, adui mkubwa ni vigae. Tandikeni jamvi au zulia pale mbwa anapopita. Khanga iliyokunjwa na kupitishwa chini ya tumbo inatosha kumwinua akienda haja. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kigari cha magurudumu, mradi apewe vipimo sahihi na mbwa asiwe mnene. Aliyelala muda mrefu ageuzwe, aoshwe na kukaushwa. Kwenye joto letu nzi hawasubiri, na mabuu kwenye kidonda ni mateso ambayo hakuna mbwa anayestahili. Siku ya kumpumzisha ikifika, mwenye mbwa asionekane msaliti.

Sasa uzalishaji. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Missouri, walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya SOD1 ndiyo inayoambatana na DM. Jeni hiyohiyo inahusika na baadhi ya wagonjwa wa ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli ya binadamu. Mbwa aliyerithi hitilafu kwa baba na mama yumo hatarini, ingawa si wote wanaougua. Aliyerithi kwa mzazi mmoja ni mbebaji. Kamati inapendekeza kwamba dume na jike wapimwe kabla ya kupandishwa, na kwamba wabebaji wawili wasikutanishwe. Tunapinga kuwatupa wabebaji wote: mbebaji mzuri akipandishwa na asiye na hitilafu, hakuna mtoto atakayerithi pande zote mbili, nasi hatutapunguza damu iliyo chache tayari.

Hoja hiyo itapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Sampuli itachukuliwa palepale kwa kijiti cha pamba ndani ya shavu, kwa hiyo mbwa asile chochote kwa angalau saa moja kabla, na vitoto vinavyonyonya vitenganishwe na mama yao kwa muda huohuo.

Mwenyekiti