Wanafunzi wa fildi waletwe zahanati, wasirundikane mjini

Mhariri,

Kila vyuo vinapofunga, mwezi wa saba hivi, hapa Lindi nawaona vijana wenye bahasha za kaki wakipanda na kushuka ngazi za maofisi kutafuta nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Karibu wote wanataka hospitali kubwa. Wakishapata, wodi moja inajaa makoti meupe: mmoja anashika mashine ya presha, waliobaki wanashika ukuta. Wiki zinakwisha, kitabu cha fildi kinagongwa mhuri, safari ya chuoni.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa zahanati, upande wa barabara ya Masasi, na ombi langu ni moja: halmashauri za Lindi na Mtwara ziwapangie wanafunzi hawa zahanati za vijijini, hasa wanaosomea afya ya jamii na afya ya mazingira. Magonjwa wanayoyasomea yako huku.

Chukulieni matende na mabusha. Dawa zake, ivamektini na albendazoli, zimekuwa zikigawiwa bure kwa kampeni, mara moja kwa mwaka, miaka kadhaa mfululizo, ili vimelea vilivyomo kwenye damu visipate nafasi ya kuhama na mbu. Darasani hayo ni mistari miwili. Kijijini ni kazi ya kutwa. Mwaka mmoja nilipata binti wa fildi, nikamkabidhi fimbo ya kupimia urefu (vidonge vya ivamektini hutolewa kwa urefu wa mtu, mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi), akafuatana na mhudumu wetu wa afya ngazi ya jamii nyumba kwa nyumba. Kwenye baraza la kwanza tu, mzee akagoma kusimama kwenye fimbo. Aliamini busha linaletwa na madafu: "Mjukuu wangu, mimi madafu nimeacha zamani, busha litanipataje?"

Binti alitaka kumsomea daftari. Mhudumu akamvuta mkono, wakaketi mkekani, akamuuliza mzee choo chake kiko wapi. Kwenda kutazama, shimo halina mfuniko, mbu wanapishana mlangoni. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, na mzee akameza, ila aliletewa chai na muhogo kwanza.

Nyumba nyingine walizikuta zimefungwa. Wenyewe walishahamia mashambani, msimu wa korosho, wanalala vibandani. Wazo la kuwafuata huko na fimbo yake lilikuwa la yule binti, si langu.

Na hii kazi ya MTUHA, vitabu vya takwimu za zahanati, inayodharauliwa! Mwisho wa mwezi muuguzi aliye peke yake anajumlisha rejesta usiku kwa tochi ya simu, huku mama ana uchungu chumba cha pili. Mwanafunzi angekaa na Kitabu namba 5, rejesta ya wagonjwa wa nje, asubuhi moja, akaona watoto wenye malaria wanatoka kitongoji gani zaidi, kisha akaenda na afisa afya kutazama kama kuna mashimo ya kufyatulia tofali yaliyotuama maji. Ripoti yake ya fildi ingekuwa na kitu, jamani.

Kikwazo nakijua: nauli na malazi. Fedha za mafunzo kwa vitendo za Bodi ya Mikopo hazimfikii kila mwanafunzi, na mwenye bodaboda hapokei barua ya utambulisho badala ya nauli. Lakini kamati za zahanati zikiulizwa mapema, chumba hakikosekani kijijini. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya itangaze nafasi kabla vyuo havijafunga, itaje zahanati na nani atakayemsimamia kijana.

Wale waliokwisha kuhitimu, wanaojitolea wakisubiri ajira, msiwachanganye na wanafunzi. Kumweka mtu mwaka wa pili anachoma sindano na kuzalisha bila hata posho ya chakula, halafu tukamsifia ana moyo, ni kumwonea. Apewe mkataba wenye mwisho, na posho, hata iwe ndogo.

Kwangu Mnazi Mmoja kuna chumba cha uani. Wasichana wawili wanaenea vizuri. Halmashauri ikiwaleta, tutakula kilichopo. Wasije tu wakaniambia hawali muhogo.

Muuguzi mstaafu,
Mnazi Mmoja, Lindi