Namba ya simu isichezeshwe

Mhariri,

Makala yenu ya Jumanne kuhusu vijana wanaohariri video kwa simu niliisoma nikiwa kibandani kwangu hapa Busia, upande wa Uganda. Mengi nilikubaliana nayo. Niligoma pale mwandishi aliposhauri kila neno kwenye video lichezeshwe, ati ndipo mtazamaji asiondoke. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha, na ushauri huo ulishanitia aibu.

Mwezi wa tatu akina mama wanaoanika mukene kule Majanji (Wakenya huita omena, Watanzania dagaa) waliniletea klipu zao niwatengenezee tangazo: nyavu zimetandazwa chini, samaki wanameta, ziwa kwa nyuma. Nami nikajitia ufundi. Namba ya simu ikadondoka tarakimu mojamoja, ikaruka, ikazunguka, ikapasuka nyota. Nikabandika na kisamaki kinachopiga mbizi kutoka kona hadi kona. Video ikatazamwa, watu wakamwaga vicheko na mioyo chini yake, lakini simu ya akina mama haikulia. Wiki ya pili mwenyekiti wao akaja, akaniwekea simu mezani. "Mwanangu, hebu nisomee namba yetu."

Nilijaribu mara tatu. Tarakimu ya mwisho ilipokuwa ikitua, ya kwanza ilishaanza kuondoka. Tena nilikuwa nimeiweka chini kabisa, mahali ambapo mtandao wenyewe huweka jina la akaunti na maelezo, kwa hiyo nusu yake ilikuwa imefunikwa.

Kisamaki nacho kilikuwa na ukingo mweupe, kama kilichokatwa kwa mkasi butu. Nilikitoa kwenye faili ya GIF, aina ya faili ya picha zinazocheza, na GIF ni ya mwaka 1987: kila fremu (picha moja katika mfululizo) haibebi zaidi ya rangi 256, na kila nukta ama inaonekana ama haionekani, hakuna ya katikati. Juu ya karatasi nyeupe hutaona kasoro. Juu ya ziwa la jioni inakukodolea macho. Siku hizi natafuta picha ya PNG isiyo na mandhari, aina ya faili inayokubali nukta za nusu uwazi, kisha nakiogelesha mwenyewe: naweka alama kinapoanzia na nyingine kinapoishia, programu inajaza safari ya katikati.

Video ile niliirudia bure. Namba sasa inaingia kutoka kushoto, nusu sekunde tu, halafu inasimama. Kipimo changu ni mdomo: naisoma kwa sauti mara mbili bila haraka, nikimaliza iwe bado ipo. Mama yule akaniuliza, na wa kutafuta kalamu je? Tukaiacha hadi mwisho wa video.

Nilikata pia sekunde nane za jina langu kupaa mwanzoni. Tangu Julai 2021 bando letu lina ushuru wa asilimia 12. Sioni kwa nini mtu aulipe ili aone jina langu likizunguka.

Na zile templeti (violezo vilivyo tayari) za mwanga wa kuwaka na kuzima nimeziacha kabisa. Miongozo ya kimataifa ya wavuti inataka mimweko isizidi mitatu kwa sekunde, maana kuna watu ambao mimweko hiyo huweza kuwaangusha kwa kifafa.

Wateja wa harusi bado wanataka herufi zicheze na maua yamwagike, nami nayamwaga. Jina la bwana harusi kila mtazamaji analijua tayari.

Mhariri wa video,
Busia, Uganda