Leseni yangu iko ukutani, mimi mwenyewe sipo

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 26, ni muuguzi, naishi Likoni na mamangu na wadogo zangu wawili. Sikuandikii kwa ajili ya mume wala mchumba, huko bado nimetulia. Ninachokuandikia ni muhuri. Ule wa mpira, wa kugonga kwenye wino, wenye jina langu kamili na nambari yangu ya usajili. Sikuuchongesha mimi, wala sikumtuma mtu kuuchongesha.

Nikianzia hapo hutaelewa kwa nini sikuondoka kazini siku ileile, kwa hivyo nivumilie nianze nyuma kidogo.

Mamangu anauza viazi karai na bajia karibu na feri. Jiko huliwasha saa tisa alasiri, maana wateja wake ni watu wanaotoka kazini kisiwani wakivuka kurudi ng'ambo hii. Kwa viazi hivyo nilisoma mpaka nikapata C+ ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na kwa viazi hivyo niliingia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kusomea stashahada ya uuguzi, miaka mitatu. Viazi peke yake havikutosha, bila shaka. Kulikuwa na mkopo wa HELB, ule wa serikali kwa wanafunzi, kulikuwa na mchango wa mtaani, na kulikuwa na bangili mbili za dhahabu alizoachiwa mama na nyanya. Bangili zilienda kwa sonara muhula wa pili wa mwaka wa kwanza. Mama hajawahi kuzitaja tena, ila mpaka leo akikanda unga wa bajia huwa anaushika mkono wake pale zilipokuwa, kama anazisogeza juu zisichafuke.

Chuo si lelemama, Shangazi. Watu hudhani uuguzi ni kuvaa nguo nyeupe na kupima joto. Mwaka wa kwanza nililia kwa ajili ya anatomia na famakolojia, mwaka wa pili nikalia kwa ajili ya miguu. Tulikuwa na kitabu cha kuandika kila kazi tuliyoifanya wodini: kufunga kidonda, kuweka dripu, kuzalisha. Isipokuwa na saini ya msimamizi, haihesabiwi. Kwa hivyo tulikuwa tunagombea akina mama wa leba kama makanga wanavyogombea abiria. Mtoto wangu wa kwanza kumpokea alitoka saa kumi na nusu alfajiri. Kichwa kilipotoka nikataka kuvuta, nilikuwa na hofu. Sista mkuu akanishika kiwiko, akaninong'oneza: "Polepole. Usimvute. Ngoja uchungu unaofuata, atakuja mwenyewe." Akaja mwenyewe. Nilirudi bwenini na matone ya damu kwenye soksi na sikutaka kuzifua.

Nakwambia haya ili ujue kuwa kazi hii naipenda. Usije ukanishauri nifungue genge.

Jambo wasilolijua wengi mtaani ni kwamba ukimaliza chuo bado hujawa muuguzi. Kuna mtihani wa Baraza la Wauguzi, ukifaulu ndipo usajiliwe, ndipo upewe leseni, na leseni yenyewe ina muda wake, lazima uihuishe kwa ada. Nilifaulu mara ya kwanza. Mama alipika pilau, majirani wakaanza kuniita daktari, na wakaanza kunibishia hodi saa nne usiku na watoto wenye homa.

Kisha ikaja kimya. Tangu 2013 huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti, ajira za serikali zinapitia bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na bodi isipotangaza, huna mlango wa kubisha. Nimetuma maombi mara tatu, kaunti tofauti. Hospitali za watu binafsi zote zinauliza swali moja: una uzoefu wa miaka mingapi? Uzoefu nitautoa wapi na hakuna anayenipa pa kuanzia? Nilijitolea miezi minane katika hospitali moja ya umma bila malipo, nauli akinipa mama. Asubuhi moja nilimwona akihesabu shilingi za nauli yangu kutoka kwenye kopo la mafuta ya viazi. Nikaona sasa imetosha.

Hapo ndipo alipotokea Mzee. Hilo ndilo jina nitakalomwita. Si mtu wa afya, ni mfanyabiashara aliyeanza na duka la dawa, kisha akafungua kliniki ndogo huku kwetu Kusini. Alinichukua kwa elfu kumi na nane kwa mwezi. Alilipa ada ya leseni yangu bila kuombwa. Nakala yake akaitia kwenye fremu, akaitundika mapokezi, kati ya kibali cha biashara na Ayatul Kursi. Nilijivuna, sikufichi. Nilipiga picha nikamtumia mama.

Miezi minne iliyopita mama alifanyiwa upasuaji wa jicho, mtoto wa jicho ulikuwa umekomaa. Mzee alinikopesha elfu arobaini. Ananikata elfu tatu mia tano kila mwezi, kwa hiyo zimebaki elfu ishirini na sita. Hajawahi kunitajia deni hilo hata siku moja. Laiti angelitaja, pengine ningepata hasira ya kunitoa pale.

Sasa sikiliza. Mwaka jana alifungua tawi Kisauni. Mimi Kisauni nimefika mara mbili tu, mara zote kupeleka dawa. Mara ya pili niliingia mapokezi, nikainua macho, nikajiona ukutani. Leseni yangu, fremu mpya. Nilimuuliza. Akacheka, akaniambia, "Binti yangu, hiyo ni karatasi. Karatasi haichoki." Akaeleza kwamba anatafuta kuingia SHA, ile bima ya afya ya serikali, na wakaguzi wakija lazima waone pana muuguzi mwenye leseni. Akaahidi kuajiri mwingine baada ya miezi miwili. Nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na sitaki unipunguzie.

Miezi miwili ikapita, hakuajiri mtu. Kule yuko kijana wa mapokezi, mpole sana, amesoma mpaka kidato cha nne. Anaandika majina, anapokea M-Pesa, na, kama nilivyokuja kugundua, anadunga sindano.

Siku moja akaja mama mmoja kwenye kliniki yetu ya huku akiwa na mtoto wa miaka miwili na nusu mgongoni. Alikuwa amevuka feri makusudi kunitafuta. "Sista fulani ndiye wewe?" Nikamwambia ndiye. Akatoa daftari la mtoto, lile la kurasa thelathini na mbili wanalonunua dukani, akalifungua. Kulikuwa na tarehe ya Alhamisi, kikohozi na homa, jina la dawa, sindano mbili, na chini yake muhuri. Jina langu. Nambari yangu. Wino wa zambarau. Alhamisi ile nilikuwa nimekaa kwenye benchi na mama tukisubiri jicho lake likaguliwe.

Akamshusha mtoto chini. Mtoto akatembea hatua tano akiburuta vidole vya mguu wa kushoto, kama mtu aliyevaa ndala ya babake.

Shangazi, hili tulifundishwa mwezi wa kwanza wa mazoezi. Ndani ya tako unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ukichoma katikati, au chini, unaweza kuujeruhi, na mguu ukashindwa kunyanyuka. Ndiyo maana mtu mzima anayechomwa takoni huchomwa juu, upande wa nje, na mtoto mdogo anachomwa kwenye paja, kwa nje. Si siri ya wataalamu, ni somo la mwanzo. Ila huwezi kulijua ukiwa umefundishwa kwa kutazama tu.

Nilimwandikia rufaa, nikamwelekeza hospitali kubwa, nikampigia simu mwenzangu niliyesoma naye ili aonwe upesi na watu wa mazoezi ya viungo. Hayo niliyafanya. Nisilolifanya ni kumwambia: si mimi niliyemchoma mwanao, na aliyemchoma si muuguzi. Maneno yalifika hapa kooni yakarudi. Yeye alikuwa ameambiwa kule kwamba sista alitoa maagizo kwa simu.

Baada ya wiki tatu alirudi kunishukuru. Mtoto anaendelea vizuri, mguu umeanza kunyanyuka. Aliniletea mihogo kwenye kikapu na akaniombea dua ya mume mwema. Nilipokea kikapu kwa mikono miwili. Mihogo niliigawa kwa majirani, mimi haikunipita kooni.

Nilimkabili Mzee. Hakukasirika. Alisema kijana amekanywa, muhuri atauhifadhi yeye mwenyewe, na kwamba tusikuze jambo maana mtoto amepona. Wiki iliyopita nikapita Kisauni bila kumwambia mtu. Leseni iko palepale. Muhuri uko juu ya meza ya kijana, kando ya chaja ya simu.

Sasa shauri langu limefungika hivi. Rafiki yangu mmoja yuko Saudia, analipwa vizuri, ameshawajengea wazazi. Ananihimiza nimfuate. Nimechunguza mwenyewe: wanataka angalau miaka miwili ya kazi, kuna mtihani, na kuna kampuni inayohakiki vyeti vyako mpaka kwa mwajiri aliyekuandikia barua ya uzoefu. Mwajiri wangu ni Mzee. Mimi nina miezi kumi na minne kwake, na ile ya kujitolea sina hakika kama wataihesabu. Nikiondoka kwa ugomvi, nani ataithibitisha barua yangu? Rafiki yangu anasema, "Nyamaza miezi kumi, chukua barua, panda ndege." Mjomba wangu, ambaye ni mtu wa busara kwa mambo ya arusi na mashamba, anasema nisimwage unga. Mama sijamwambia. Yeye anaamini kwamba bangili zake ziko ukutani kwenye ile fremu, na kwa kweli ndiko ziliko.

Upande wa pili, naogopa. Mwaka 2025 tuliona serikali ikifungia vituo vilivyoshukiwa kudai pesa za SHA kwa wagonjwa hewa. Wakifika Kisauni, jina watakalolikuta ni la nani? Mwalimu wetu mmoja alipenda kutuambia kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Hakutuambia la kufanya kinapoandikwa usichokifanya. Baraza likiniita, nitasema nilijua tangu lini? Ukweli ni kwamba nilijua tangu siku ile niliyojiona ukutani.

Wenzangu wawili niliowagusia, mmoja amenishtua. Alicheka, akaniambia leseni yake nayo "inafanya kazi" mahali pawili na analipwa elfu tano ya ziada kwa mwezi. Alidhani nalalamika kwa sababu mimi silipwi.

Basi, Shangazi, nijibu haya, na ukiona mengine ongeza.

Nikiandikia Baraza mwenyewe kabla hawajaniuliza, je, nitakuwa nimejiokoa au nimejikaanga? Kuna msomaji wako muuguzi au mwanasheria aliyewahi kuona jambo hili likiishaje? Nimefikiria kumwandikia Mzee barua kwanza, yenye tarehe, ya kumtaka aiondoe leseni yangu Kisauni na anikabidhi muhuri, nibaki na nakala iliyosainiwa. Hiyo inatosha, au ni kumpa nafasi ya kuchonga mwingine?

Deni nitalilipa hata nikiuza viazi na mama, hilo usilifikirie sana. Ila niambie: ni haki kumdai barua ya uzoefu mtu niliyemshtaki? Maana ile miezi kumi na minne nilifanya kazi kweli. Nimeshona, nimechanja, nimezalisha wawili sakafuni kabla gari halijafika.

Na kuhusu yule mama wa mtoto. Nambari yake ya simu ninayo. Mara mbili nimeipiga nikakata kabla haijaita. Je, nimwambie? Na nikimwambia, nianze na neno gani, baada ya kula dua yake?

Mwisho wa mwezi Mzee amesema atanipandisha hadi elfu ishirini na mbili na anataka nisaini mkataba mpya, wa miaka miwili. Mkataba unaniita "muuguzi msimamizi wa matawi". Naomba unijibu kabla ya hapo. Jina langu usilitoe.

Ni mimi,
Sista wa Likoni, Mombasa