Usilipe kwanza: barua kwa mwinjilisti wa mlimani

Njombe, Jumapili jioni

Mwinjilisti wangu,

Bwana Yesu asifiwe.

Barua yako niliipata juzi kutoka kwa dereva wa Kosta, imekunjwa ndani ya gunia la viazi, hadi leo inanuka udongo wa huko kwenu. Viazi tumevipokea. Mama watoto anasema safari hii umetuma vile vyenyewe, si vya mbegu kama mwaka jana.

Unauliza ununue programu gani ya kujifunzia Biblia, ya kuweka kwenye hiyo laptopu uliyoachiwa na wageni na kwenye simu. Unasema kuna kijana amekushauri ulipie mkusanyiko wenye vitabu zaidi ya elfu moja, kwa hela ambayo nikiipiga hesabu inakaribia posho yako ya miezi mitatu. Usilipe. Walau usilipe kwanza.

Nakuambia hivi kwa sababu mimi nimeliwa mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka ubwete. Jamaa mmoja wa steshenari aliniambia anayo programu kubwa ya kulipia, "imeshavunjwa", yaani imefunguliwa kinyemela bila malipo ya mwenyewe, elfu kumi tu anakuwekea. Nikampa flashi yangu. Niliporudi nyumbani na kuichomeka, kila folda ilikuwa imegeuka shotikati, ukibofya hakuna kitu. Mahubiri ya miaka miwili, pamoja na yale ya mazishi ya babu yangu, yalikwenda na maji. Mara ya pili nikasema basi nitakuwa mwaminifu, nikanunua kwa halali, tena kwa punguzo, mkusanyiko wa vitabu mia na ushee. Unajua nimefungua vingapi? Sita. Na nilipopata simu nyingine yenye programu nyingine nikagundua kwamba kitabu ulichonunua ndani ya programu hii hakihamii kwenye ile. Kinabaki kule kama ng'ombe uliyemnunua akabaki kwenye zizi la jirani, na maziwa uyafuate kwake.

Hata hao wenye zizi hawadumu. BibleWorks, programu ambayo walimu wa Kigiriki na Kiebrania, lugha za asili za Biblia, waliitegemea kwa miaka mingi, ilifunga duka Juni 2018. Logos, programu nyingine ya kule Bellingham, Marekani, iliyoanza 1992, bado ipo na ina nguvu kweli, lakini tangu 2024 wamejielekeza kwenye malipo ya kila mwezi. Ina toleo la bure, sikukatazi kulijaribu siku moja ukiwa mjini, ila laptopu yako ya RAM GB 4 itahema kama lori linalopanda Kitulo, na bando utakalomaliza kwa kupakua utanunulia sukari ya mwezi.

Sasa tuanze na simu, maana ndiyo unayoshika kila siku. YouVersion unayo tayari, ile yenye alama ya Biblia ya kahawia. Iache hapo hapo. Ilitolewa na kanisa la Life.Church la Oklahoma mwaka 2008, ni bure, haina matangazo, na kwa Kiswahili sijaona ya kuipita: Biblia ya Union ya 1952, ile iliyounganisha Kiswahili cha Unguja na cha Mvita, ipo, Habari Njema ipo, Neno ipo. Kwa kusoma na kwa mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka inatosha. Ila si matoleo yote yanayoruhusu kupakuliwa, hivyo kabla hujapanda gari kurudi huko, zima data kabisa, fungua Hagai, kisha fungua Yuda. Zikifunguka, nenda. Zisipofunguka, rudi kwenye baa ya soda pale stendi ukamalize kazi.

Lakini kusoma ni kitu kimoja na kuchimba ni kitu kingine, na wewe umeuliza habari ya kuchimba. Kwa hilo weka MySword au And Bible, zote za Android. And Bible ni bure moja kwa moja, tena hata msimbo wake uko wazi. MySword ni bure ila kuna vipengele vinavyofunguliwa kwa waliochangia. Mimi nilikaa miaka miwili bila kuchangia na sikupungukiwa. Ukishapakua Biblia na kamusi zako, huhitaji mtandao tena. Hutapanda tena kile kilima cha kisima kutafuta mtandao ili ujue "neema" kwa Kigiriki ni nini.

Kabla hujaamini programu yoyote, ipe mtihani wa Kiswahili. Nyingi zimetengenezwa na watu ambao maneno yao hayavai viambishi. Andika "alipenda" kwenye kisanduku cha kutafutia. Itakuletea mistari, utafurahi, kisha ukikagua utakuta Yohana 3:16 haimo. Mstari ambao hata watoto wa Sunday school wanaujua haumo! Kwa nini? Kwa sababu Union inasema "aliupenda ulimwengu", na hiyo "u" katikati imeufanya kuwa neno jingine machoni pa mashine. Vivyo hivyo ukitafuta "upendo" peke yake, utaikosa mistari yenye "pendo", wakati 1 Yohana 4:16 ina vyote viwili kwenye mstari mmoja: Mungu ni upendo, naye akaaye katika pendo. Dawa yake ni kutafuta sehemu ya neno. Hakikisha kipengele hicho kipo, andika "pend" tu. Ndiyo, utaletewa na "upendeleo" na "kupendeza" humo humo, utazipepeta kama mchele. Programu isiyoweza kutafuta sehemu ya neno, kwa mhubiri wa Kiswahili ni pambo.

Nikupe mfano ulionitia adabu, ndio ulionifanya nikae niandike barua ndefu hivi. Unakumbuka lile somo la Petro kando ya bahari, Yohana 21, tulilofundishwa chuoni? Kwamba kwa Kigiriki, chenye maneno mawili ya kupenda, Yesu aliuliza kwa agapao mara mbili na Petro akajibu kwa phileo, mara ya tatu Yesu akashuka na kuuliza kwa phileo. Kwenye Union huoni kitu, ni "wanipenda" na "nakupenda" mwanzo mwisho. Nikaweka Union upande mmoja na upande wa pili Biblia ya Kiingereza ya King James yenye namba za Strong. Hizo namba zimetoka kwenye itifaki ya James Strong ya 1890, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalimo; kila neno la asili amelipa namba yake: agapao ni 25, phileo ni 5368. Ukigusa namba, maana inafunguka. Nikaona kweli, 25, 25, kisha 5368. Nikaandaa mahubiri makali: upendo wa kimungu na upendo wa kirafiki, Bwana amshukia Petro mahali alipo. Kichwa cha habari nilikuwa nimeshakipata.

Jumamosi usiku, umeme umekatika, niko na simu tu kitandani, nikasema hebu nione Yohana anatumiaje maneno haya kwingine. Nikatafuta namba, si neno. Yohana 3:35, "Baba ampenda Mwana", 25. Nikashuka mpaka 5:20, "Baba ampenda Mwana", 5368. Mwandishi yule yule, Baba yule yule, Mwana yule yule! Sasa nisimame madhabahuni niseme 5368 ni upendo wa daraja la chini? Niliyafuta mahubiri yale nikiwa nimelala, na kesho yake nikahubiri neno lililobaki pale pale wazi tangu mwanzo: lisha kondoo zangu. Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba tofauti ipo, wengine wanasema Yohana anabadilisha maneno tu kwa mtindo wake. Mimi nimehamia kwa hawa wa pili. Ila angalia, utafutaji ule ulinichukua dakika tano, kwa programu ya bure, gizani, bila bando. Vile vitabu vyangu mia na ushee havikuhusika hata kimoja.

Tahadhari moja juu ya namba hizo. Zimefungwa kwenye Kiingereza, si kwenye Kiswahili chetu. Ndiyo maana nakuambia ufungue Biblia mbili sambamba. Najua Kiingereza chako ni cha kuombea maji, lakini hapo huhitaji kusoma sana, unafuata mstari na kugusa namba.

Tuje kwenye laptopu. Kama ni Windows, weka e-Sword. Aliitengeneza Mmarekani Rick Meyers mwaka 2000 na kwa Windows imebaki bure mpaka leo. Wenye Mac na iPhone ndio wanaolipia. Ni nyepesi, haitaisumbua hiyo mashine yako. Nyingine ni theWord, nayo bure, na hii ina raha yake: unaweza kuiweka nzima kwenye flashi ukaitumia kwenye kompyuta yoyote, hata ile ya ofisi ya jimbo. Mimi natumia e-Sword kwa mazoea tu. Ukitaka kuingia zaidi kwenye lugha za asili iko STEP Bible ya Tyndale House, Cambridge, ya bure pia, na inaweza kuwekwa ndani ya kompyuta ikafanya kazi bila intaneti. Hiyo tutaifungua pamoja, ukiifungua peke yako siku ya kwanza utadhani umeingia chumba cha rubani.

Usishangae ukikosa Union kwenye orodha za bure za laptopu. Haki zake ziko kwa Vyama vya Biblia, si mali ya kila mtu kuokota. Neno imetolewa kwa leseni huria, ndiyo rahisi kuikuta. Na vile vitabu vya ufafanuzi vinavyokuja bure, jua ni vya bure kwa sababu vimezeeka mpaka haki zimeisha. Matthew Henry, utakayemkuta kila mahali, alifariki 1714. Mzee ana hekima, namheshimu sana, lakini hajasikia habari za magombo ya Qumran, maandiko ya kale yaliyopatikana mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi kuanzia 1947. Msome kama unavyomsikiliza babu.

Mahubiri yako usiyaandike ndani ya programu. Kisanduku cha maandishi kipo, kinavutia, achana nacho. Andika kwenye faili lako la kawaida, nakala moja kwenye laptopu, moja kwenye flashi, moja ujitumie kwa barua pepe ukishuka mjini. Programu hizi za simu na za laptopu nilizokutajia hazisemezani zenyewe, utakachoandika huku hutakikuta kule.

Na siku ukianza kusomea simu madhabahuni, weka alama ya ndege kabla hujasimama. Nilikuwa nasoma Zaburi ya 23 kwenye ibada ya shukrani, "Bwana ndiye mchungaji wangu", ghafla juu ya kioo ikashuka meseji: ile hela tuma kwenye namba hii. Na mimi macho yako kwenye mstari, mdomo umeshazoea kufuata macho... nilitamka "ile hela" kabla sijashtuka. Mzee wa kanisa mmoja hadi leo tukikutana sokoni ananiuliza kama nimeshatumiwa.

Mwezi ujao ukija kwenye mkutano wa jimbo, njoo na laptopu na chaja yake, na flashi mpya, isiyowahi kuchomekwa kwa mtu. Lala kwangu siku mbili. Ya kwanza tutapakua kila kitu kwa mtandao wa shuleni, nimeshaongea na mwalimu wa kompyuta; ya pili tutazima data tukae na Yohana wote, wewe uniletee somo unalotaka kuhubiri na mimi nijaribu kulipinga. Hela ya huyo kijana iweke kwenye betri ya sola, maana umeniandikia mwenyewe kwamba taa inazima saa tatu usiku.

Mama watoto anauliza kama yule mbuzi ameshazaa. Msalimie mama mchungaji na wazee wote wa mtaa.

Nduguyo katika Bwana,
Mwalimu wa Njombe