Barua ya wazi kwa ndugu mnaofanya muziki pamoja

Wanangu,

Nawasikia mkibishana kuhusu Empire, ile tamthilia ya Marekani iliyoanza kurushwa na Fox Januari 2015. Nani alistahili kurithi kiti cha Lucious Lyon, bosi wa kampuni ya muziki ya Empire? Mimi naona swali lenyewe ndilo sumu, na aliyeimwaga ni baba mtu. Alipoambiwa ana ugonjwa usiotibika, huku kampuni ikijiandaa kuuza hisa, hakuwakalisha wanawe wakagawana kazi. Aliwapambanisha. Andre anajua fedha, Jamal anatunga na kuimba, Hakeem anawavuta vijana kwa rap. Hao watatu wakishikana ni kampuni kamili.

Na huyo baba anayedai utiifu ndiye aliyemtumbukiza Jamal, akiwa bado mtoto mdogo, ndani ya pipa la taka kwa sababu alivaa viatu vya mama yake. Ukishamfanyia mtoto hivyo, utiifu unaodai baadaye ni woga tu.

Sasa mtazameni Cookie, mama wa hao watatu aliyekuwa mke wa Lucious. Wengi humwona mgomvi. Mimi simlaumu kwa kudai. Dola 400,000 za dawa za kulevya ndizo zilizoanzisha kampuni, na fedha hizo sizitetei. Lakini yeye ndiye aliyefungwa miaka 17, na alipotoka akakuta kila kitu kiko mikononi mwa Lucious. Ikabidi aingie ofisini kwa nguvu kudai nusu, kama mgeni.

Ndiyo maana nawasihi, kabla wimbo mwingine haujatoka, kaeni chini muandike. Nani katunga maneno, nani katengeneza mdundo, nani kalipia studio, rekodi ni mali ya nani, mirabaha, yaani malipo yanayoingia wimbo ukitumika, mnagawana asilimia ngapi kila mtu. Wote mtie sahihi, hata yule mdogo anayeitikia tu. Mtaniambia, sisi ni ndugu, karatasi ya nini? Wageni wakikosana huachana, kila mtu akashika njia yake. Nyinyi mtaendelea kukutana misibani na arusini, na mama yenu atalazimika kuchagua akae upande gani.

Andikeni sasa, wakati bado mnacheka pamoja mkimaliza kurekodi. Na kama mkubwa wenu hataki kutia sahihi, msimseme mitandaoni. Mleteni kwangu, nizungumze naye.

Ni mimi, mzee wenu.