Imani tunaihubiri kila siku, utii na unyenyekevu tumeviacha wapi?

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo linanikereketa muda sasa, na najua wapo watakaosema huyu naye anajifanya mtakatifu, sawa tu, waseme.

Siku hizi ukisikiliza mahubiri, iwe kanisani, iwe redioni, iwe zile za laivu kwenye simu, neno imani utalisikia mpaka masikio yachoke. Amini utapokea, amini utafunguliwa, amini muujiza wako uko njiani. Sipingi, Waebrania 11:6 imesema wazi kwamba pasipo imani haiwezekani kumpendeza Mungu. Ila ukishuka mistari miwili tu unamkuta Ibrahimu, na imani yake haielezwi kwa alichopokea, inaelezwa kwa miguu, aliitwa akaitika, akatoka asijue aendako. Sasa hebu jiulize mara ya mwisho umesikia mtu anahubiri unyenyekevu lisaa lizima na watu wakashangilia ni lini. Na utii ndio kabisaa, ukitajwa ujue kuna mchango unakuja au kuna mtu kamkosoa kiongozi.

Mimi nikisoma Biblia naona hivi vitu vitatu haviachani, na mahali vinapojaribiwa ni kwenye agizo dogo, lile la kukushusha, lisilo na makofi. Mambo makubwa tunayaweza jamani! Kufunga siku nyingi tunaweza, kukesha tunaweza, kutoa sadaka nono watu wakaguna tunaweza. Shida inaanza ukiambiwa kitu kidogo ambacho hakuna atakayekuona ukikifanya, au mbaya zaidi watakuona na watakucheka.

Mchukue Naamani, ile 2 Wafalme 5. Jemadari wa jeshi la Shamu, mtu mzito, ila ana ukoma. Habari ya nabii anaipata kutoka kwa kabinti kalikotekwa vitani, mtumwa wa mke wake, na kwa kweli mtu aliyekubali kufunga safari kwa neno la mtumwa wa ndani huwezi kusema hana imani kabisa. Akabeba talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi, pamoja na barua ya mfalme. Anafika kwa Elisha na farasi zake na magari yake, anasimama mlangoni, na Elisha wala hatoki nje! Anamtuma mjumbe tu, nenda kaoge Yordani mara saba. Naamani akawaka. Na alichosema pale ndio kinanifurahisha kila nikisoma, maana alikuwa ameshaipanga ibada yote kichwani mwake, kwamba nabii atatoka, atasimama, ataliitia jina la Mungu wake, atapitisha mkono juu ya pale penye ugonjwa. Yaani alitaka shoo. Halafu akaanza kulinganisha mito, eti Abana na Farpari za Dameski si bora kuliko maji yote ya Israeli? Akageuka kuondoka na hasira zake na ukoma wake.

Waliomwokoa ni watumishi wake tena. Wakamwambia baba, kama angekuagiza jambo kubwa si ungelifanya? Hilo swali tungeulizana kila Jumapili. Imani ilikuwa imemtoa mbali sana ikamfikisha mlangoni, ila kutoka mlangoni mpaka mtoni ilibidi ashuke, avue yale mavazi ya kijemadari mbele ya watumishi wake na ngozi yake ionekane ilivyo, azame mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Maandiko hayasemi popote kwamba alianza kuona nafuu njiani, uponyaji unatajwa baada ya zile saba. Na fedha zake? Elisha alizikataa. Gehazi, mtumishi wa Elisha, ndiye aliyezikimbilia, akapata talanta mbili na mavazi, na ukoma wa Naamani juu. Wale wanaotoza watu ili wawaombee waisome sura hiyo mpaka mwisho, wasiishie kwenye muujiza.

Mfalme Sauli yeye ni kinyume, 1 Samweli 15. Aliambiwa awaangamize Waamaleki na mali zao zote, akatekeleza karibu yote, akabakiza mfalme Agagi na kondoo na ng'ombe walionona. Kumbuka pia kabla hajakutana na nabii Samweli alishapita Karmeli kujisimamishia mnara wa ukumbusho, leo tungesema alishapost. Anamwona Samweli anamwambia kwa furaha nimelitimiza neno la Bwana, na nyuma yake kondoo wanalia. Samweli anamuuliza basi huu mlio masikioni mwangu ni wa nini? Jibu la Sauli ni la kidini kweli kweli, hao ni wa sadaka, tumewaweka wamtolee Bwana dhabihu. Ndipo likaja lile neno tunalolijua, kutii ni bora kuliko dhabihu.

Ila watu wengi wanaishia hapo kwenye mstari wa 22. Endelea kidogo. Mstari wa 24 Sauli anakiri kwamba aliwaogopa watu akaitii sauti yao, kwa hiyo utii alikuwa nao, tatizo aliutoa kwa kundi. Na mstari wa 30, hata baada ya kuambiwa ufalme umeondoka, anachoomba ni nini? Niheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu. Mtu kashakataliwa na Mungu ila bado anahesabu nani anamwangalia. Mimi hapo ndipo naona kilichomponza, wala sio mifugo.

Sasa tuje kwetu. Bwana Yesu kwenye Mathayo 5:23-24 alisema ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo hapo, nenda kwanza mkapatane, ndipo urudi uitoe. Agizo jepesi kulisoma, halina gharama, halihitaji upako wa pekee. Na ndilo nadhani linavunjwa kuliko mengi. Mtu ana cheo kanisani kamkosea kijana wa kwaya, kila mtu anajua, na yeye anajua. Anashika simu anaandika "nisamehe", anafuta. Anaandika "kama nilikukwaza samahani", hiyo "kama" anaiona ni salama kidogo, nayo anafuta. Mwisho anamtumia mstari wa Biblia na picha ya maua, "ubarikiwe mtumishi". Jumapili inayofuata anatoa sadaka mara mbili ya kawaida yake. Sasa hiyo na ile ya Sauli na kondoo tofauti yake nini? Yordani yake ilikuwa ni lile neno moja alilolifuta.

Na hapa naomba nieleweke vizuri maana kuna watu watalichukua hili la utii na kwenda nalo kusikotakiwa. Utii ninaousema ni kwa Mungu na neno lake. Kuna viongozi wakisema "mtii Mungu" wanamaanisha nitii mimi, usiulize, ukiuliza una roho ya uasi. Hiyo hapana. Ni kweli Waebrania 13:17 inatuambia tuwatii wanaotuongoza, lakini mstari huo huo unasema wao ni watu watakaotoa hesabu. Petro na mitume walisimama mbele ya baraza wakasema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe na bado wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo, na wakasifiwa kwa hilo. Nabii Nathani alimwambia Daudi usoni kwamba mkosaji ni yeye, wewe ndiwe mtu huyo, na unyenyekevu wa Daudi ulionekana pale, mfalme mzima mwenye uwezo wa kumnyamazisha yule nabii akasema nimefanya dhambi. Kwa hiyo kiongozi anayedai utii huku yeye haguswi, haulizwi, hakosolewi, huyo hajanyenyekea, na binti au mama anayevumilia kuumizwa eti kwa sababu ameambiwa ndio unyenyekevu, kadanganywa.

Imani yenye unyenyekevu ndani yake iko kwa yule akida, mkuu wa askari, wa Kapernaumu, aliyekuwa na mtumwa mgonjwa. Luka 7 inasema wazee wa Wayahudi walimwendea Yesu wakamsifia, huyu amestahili, analipenda taifa letu, ametujengea sinagogi. Yeye mwenyewe anatuma watu kusema sistahili wewe uingie chini ya dari yangu. Sema neno tu. Sababu yake ni kwamba na yeye ni mtu aliyewekwa chini ya mamlaka, anajua amri inavyofanya kazi, akimwambia askari nenda, anakwenda. Yesu akastaajabu, akasema hajaona imani kubwa namna hii hata katika Israeli. Huyo hakupiga kelele, hakutaja sinagogi lake hata mara moja, na wala hakung'ang'ania Yesu aingie nyumbani kwake watu wamwone mgeni wake.

Na Yesu mwenyewe tunayemwita Bwana, Wafilipi 2:8 inasema alijinyenyekeza akawa mtii hata mauti, mauti ya msalaba. Kule Gethsemane hakujifanya kwamba hataki kuepuka kile kikombe, alikiomba kiondolewe kabisa, wazi wazi, halafu akamalizia walakini si kama nitakavyo mimi. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba mwenye imani hasikii ugumu wa kutii.

Mhariri, ombi langu kwa wahubiri wanaosoma gazeti lako ni dogo. Mkihubiri Naamani msirukie haraka kwenye ngozi kama ya mtoto mdogo, tuacheni pale mlangoni kwa Elisha kidogo, kwenye ile hasira, tukae nayo. Na kabla ya kupitisha vikapu Jumapili someni ile Mathayo 5:23 kwa sauti, mtupe dakika kadhaa watu watoke nje wapige simu. Sadaka itapungua siku hiyo, najua.

Msomaji wako wa siku nyingi